Namna ya kutembelea jumba la sanaa ya majaribio linaloendeshwa na wasanii wenyewe: naomba mwongozo

Mtazamaji Mgeni

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba mwongozo kutoka kwa wenye uzoefu.

Rafiki yangu amenialika tukatazame maonyesho katika jumba dogo la sanaa linaloendeshwa na wasanii wenyewe, ambalo halitafuti faida na limejikita katika sanaa ya majaribio. Mimi ni mtu wa makumbusho makubwa. Nimezoea picha iliyotundikwa usawa wa macho, kibandiko pembeni chenye jina la msanii, mwaka na aina ya rangi, na mishale inayonionyesha nianzie wapi na nitokee wapi. Tangazo la maonyesho haya lina picha moja tu, ya chumba kitupu chenye spika nne sakafuni zilizogeuzwa kutazama ukuta, na waya mweusi uliopita katikati ya chumba kana kwamba fundi ameondoka kabla ya kumaliza kazi. Maelezo yaliyo chini yake yanasema kazi hiyo inachunguza jinsi chumba kinavyosikiliza, nami nimeyarudia bila kupata la kushika.

Maswali yangu ni haya. Mtu hukaa muda gani mbele ya kazi ya namna hiyo? Je, kumwuliza aliyepo pale kazi ina maana gani ni utovu wa adabu? Je, ninatarajiwa kununua kitu au kutoa mchango? Na linalonisumbua kuliko yote: kwa kuwa majaribio hayana kipimo kilichozoeleka, nitatofautishaje kazi iliyofikiriwa kwa dhati na ile inayojificha nyuma ya ugumu wake? Sipendi kutoka pale nikisifu nisichokielewa, na vilevile sipendi kudharau jasho la mtu kwa sababu tu sijazoea.

Zamu ya Mchana

Ndugu Mtazamaji Mgeni, karibu sana. Nimewahi kukaa zamu mezani katika jumba la aina hiyo, kwa hiyo nitaanza na mambo ya mlangoni, kisha nieleze kwa nini mambo yako hivyo, maana ukishajua jumba linavyoendeshwa baadhi ya maswali yako yatajijibu yenyewe.

Kuingia mara nyingi ni bure. Hakuna anayekutarajia ununue, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi zinazoonyeshwa haziwezi kuuzwa: maonyesho yakiisha hubomolewa, huzimwa, au hurudishwa kuwa mbao na waya. Kukiwa na kisanduku cha michango, toa ukiguswa kutoa, na usipotoa hakuna atakayekuangalia vibaya. Ukiona rafu yenye vijitabu na machapisho ya wasanii, kununua kimoja ni njia njema ya kuchangia na wakati huohuo kuondoka na kitu cha kusoma. Kabla hujatoka nyumbani, hakikisha siku na saa za kufunguliwa, kwa kuwa majumba haya mara nyingi huwa wazi siku chache tu za wiki, na hufungwa kabisa kati ya onyesho moja na jingine wakati matundu ya misumari yanazibwa na kuta zinapakwa rangi upya. Mlango unaweza kuwa ghorofani au nyuma ya jengo, bila bango la kuonekana kwa mbali. Bonyeza kengele bila wasiwasi.

Mtu utakayemkuta mezani si mlinzi wala mwuzaji. Kwa kawaida ni msanii, mwanachama, au mtu wa kujitolea, ambaye kabla hujafika amewasha vifaa kimoja baada ya kingine kwa kufuata karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati, amesimama juu ya alama ya utepe sakafuni na kusikiliza kama kila spika inatoa sauti kwa kiwango alichoagiza mwenye kazi, na amefuta alama za vidole ukutani. Anaijua kazi hiyo kwa namna ambayo hata mhakiki haijui, kwa sababu ameisikia ikijirudia mchana kutwa. Kumwuliza si utovu wa adabu hata kidogo. Ningekushauri tu uanze na swali la jinsi kazi ilivyotengenezwa, kabla ya swali la maana yake. Muulize msanii alitaka kujaribu nini, ni kitu gani kilimlazimu abadilishe mpango alipofika katika chumba hiki, na kwa nini spika zimeelekezwa ukutani. Maswali ya namna hiyo hupata majibu ya kweli, ilhali "hii maana yake nini" humfanya mtu akusomee karatasi ambayo tayari unayo mkononi.

Sasa sababu. Majumba haya yalienea sana kuanzia miaka ya 1970, wasanii walipoona kwamba majumba ya biashara yanaonyesha kinachouzika na makumbusho yanaonyesha kilichokwisha kukubalika, na hapakuwa na mahali pa kazi ambayo bado haijajulikana kama itafaulu. Mwaka 1970, huko New York, Jeffrey Lew aliwafungulia wasanii wenzake nafasi katika jengo la barabara ya Greene namba 112, nao wakaruhusiwa kulitendea jengo lenyewe watakavyo. Mmoja wao, Gordon Matta-Clark, alichimba sakafu ya chumba cha chini na kupanda mti wa cheri ndani ya shimo hilo. Jumba la biashara lisingekubali shimo kwenye sakafu yake, na hata kama lingekubali, lingeuza nini? Mwaka 1972 wasanii wanawake 20 walianzisha jumba la A.I.R. katika jiji hilohilo, wakakarabati jengo kwa mikono yao na kuamua wenyewe nani aonyeshe nini, wakati ambapo majumba mengi hayakuwapa wanawake nafasi. Huko Buffalo, mji ulio katika jimbo la New York, mwaka 1974, wasanii vijana akina Robert Longo, Charles Clough na Cindy Sherman walianza kuonyesha kazi kwenye kuta za ukumbi mwembamba uliotenganisha vyumba vyao vya kazi, na jumba lao la Hallwalls likachukua jina kutokana na kuta hizo. Jumba la Transmission la Glasgow, Uskoti, lililoanzishwa mwaka 1983, huendeshwa na kamati ya wasanii wanaojitolea, ambao hutumikia kwa muda mfupi kisha huwapisha wengine ili jumba lisigeuke mali ya kikundi kimoja.

Ukiyajua hayo, kile chumba kitupu na waya wake hakitakutisha. Unaingia mahali pa kazi, ambapo jambo linajaribiwa mbele ya watu, na mgeni ni sehemu ya jaribio hilo.

Jicho la Pembeni

Nakubaliana na Zamu ya Mchana katika mengi, hasa lile la kumwuliza aliyeko mezani. Lakini ningependa Mtazamaji Mgeni asiingie na imani kwamba mahali pasipouza kitu pana uhuru kamili. Jumba lisilotafuta faida linahitaji kodi ya jengo, umeme na posho ya msanii kama jumba lolote, na fedha hizo hutoka kwa serikali, wafadhili, ada za wanachama au minada ya hisani. Kila chanzo kina masharti yake.

Mfano unaojulikana ni wa Artists Space, jumba lililoanzishwa New York mwaka 1972 na Trudie Grace pamoja na mhakiki Irving Sandler, kwa utaratibu wa wasanii kuwachagua wasanii wenzao ambao hawakuwa na jumba la kuwawakilisha. Mwaka 1989 mpiga picha Nan Goldin aliandaa hapo maonyesho kuhusu UKIMWI na watu waliokuwa wakipotea kwa ugonjwa huo. Taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili sanaa iliondoa ruzuku yake ya dola 10,000, hasa kwa sababu ya maneno makali yaliyoandikwa kwenye katalogi, yaani kijitabu cha maonyesho, dhidi ya wanasiasa na viongozi wa dini. Baada ya malalamiko mengi, ruzuku ilirudishwa kwa sharti kwamba isitumike kulipia katalogi. Kwa maneno mengine, soko halikuwamo katika mgogoro ule hata kidogo, na bado mkono wa mwenye fedha ulionekana.

Kuna na jambo la pili, nalo linanigusa zaidi. Wasanii wakichaguana wenyewe, ni rahisi jumba likawa la marafiki na marafiki wa marafiki. Mgeni huingia, akakuta watu watatu wanaongea kwa sauti ya chini kuhusu mambo yao, na akatoka bila kusalimiwa. Nimewahi kuyaona hayo na yaliniumiza, kwa sababu jumba linalopokea fedha za umma lina wajibu kwa umma. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukifika uliza pia nani alichagua maonyesho haya, kwa utaratibu gani, na kama kuna mwito wa wazi kwa wasanii wasiojulikana. Majumba mengi mazuri yana utaratibu huo, na baadhi yana maonyesho ya kila mwaka ambayo kila mwanachama anaruhusiwa kuleta kazi moja bila kuchujwa. Jibu utakalopewa litakueleza mengi kuhusu mahali hapo.

Zamu ya Mchana

Jicho la Pembeni, hoja yako ya pili ninaipokea kabisa. Anayekaa zamu na asiinue kichwa kumsalimu mgeni ameshindwa kazi yake ya kwanza. Hoja ya kwanza nayo ni ya kweli, ila ningeongeza kwamba maonyesho yale ya 1989 yaliendelea, yakaonekana na watu wengi. Jumba lilikuwa na ujasiri wa kuyaweka ukutani, na ujasiri huo hauonekani kwenye hesabu za fedha.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimefuatilia mazungumzo haya kwa furaha. Naomba nijibu lile swali ambalo Mtazamaji Mgeni amesema linamsumbua zaidi, la kutofautisha kazi ya dhati na kazi inayojificha, kwa sababu nimeona limepitwa.

Kwanza, jaribio ni jaribio kwa kuwa lina swali ndani yake. Kazi ya majaribio iliyofikiriwa vizuri huwa na swali ambalo unaweza kulitamka kwa maneno ya kawaida, hata kama jibu lake halitamkiki. Nitatoa mfano wa kazi ya sauti, kwa kuwa mnakwenda kutazama kazi ya sauti. Mwaka 1969 mtunzi Alvin Lucier, raia wa Marekani, alikaa chumbani akajirekodi akisoma maelezo mafupi ya kile anachokifanya. Kisha akaicheza rekodi hiyo chumbani na kuirekodi tena, akaicheza ile ya pili na kuirekodi, na kuendelea hivyo. Kila chumba, kwa ukubwa na umbo lake, hukuza baadhi ya sauti na kufifisha nyingine, kwa hiyo kila mzunguko ulizidisha zile ambazo chumba kinazipenda, hadi maneno yakayeyuka na kubaki mlio mrefu kama wa kengele, ambao ni sauti ya chumba chenyewe. Swali lilikuwa dogo na wazi: chumba kinafanya nini kwa sauti ya mtu? Njia ilikuwa rahisi kiasi kwamba yeyote mwenye vinasa sauti viwili angeweza kuifuata. Matokeo yake hakuna aliyeweza kuyabuni kwa kichwa tu. Sishangai kama msanii wa maonyesho yenu, aliyeelekeza spika ukutani, anauliza swali la ukoo huohuo. Spika ikitazama ukuta, unachokisikia kwa sehemu kubwa ni sauti iliyokwisha kugonga ukuta na kurudi, na ukihama hatua mbili itabadilika. Hama, basi. Chuchumaa karibu na spika, kisha nenda ukasimame kwenye kona, kisha mlangoni, na usikilize sauti nzito zinavyoongezeka unapokaribia pembe za chumba. Hapo utakuwa umeanza kuitazama kazi, na hujasoma neno hata moja.

Pili, angalia kama vitu vilivyomo chumbani vina ulazima. Mwaka 1987, katika Matt's Gallery ya London, jumba lililoanzishwa na msanii Robin Klassnik ndani ya chumba chake cha kazi mwaka 1979, msanii Richard Wilson alijaza chumba mafuta machafu ya injini hadi usawa wa kiuno, akaacha njia nyembamba ya chuma ambayo mtazamaji mmoja anaweza kuipita. Uso wa mafuta yale ulitulia kabisa, ukaakisi dari na madirisha kwa ukamilifu, hivi kwamba aliyefika mwisho wa njia alijiona ameelea katikati ya chumba kisicho na chini. Toa mafuta, weka maji, kazi inakufa, kwa sababu maji hutikisika kwa urahisi, na huonyesha kilichomo ndani yake. Ifanye njia iwe pana, kazi inakufa vilevile, kwa sababu mtu hataona mafuta yakimkaribia pande zote mbili za mwili. Kila kitu kilikuwa pale kwa sababu. Nenda ukaufanyie mtihani huo waya mweusi ulioutaja: je, ungeweza kupitishwa pembeni pasibadilike kitu? Kama ndiyo, kwa nini umepita katikati? Inawezekana upo hapo ili ukulazimishe kuinua mguu na kujua kwamba umeingia. Inawezekana pia ni uzembe. Utaujua ukiwa umesimama pale, na ukishindwa kuujua, muulize aliyeko mezani.

Tatu, kazi inayojificha hutegemea maelezo kuliko maelezo yanavyoitegemea. Ukiona aya tatu za maneno mazito, na chumbani hakuna lolote linalokufanya uzihitaji, una haki ya kusema hivyo, kwa heshima. Lakini usiseme hivyo baada ya dakika moja. Kuhusu muda, kanuni yangu ni hii: uliza mzunguko wa sauti au video una urefu gani, na kama si wa saa nyingi, ukae mzunguko mmoja mzima. Mwenye kazi ameamua mwanzo na mwisho kwa makusudi, na aliyeondoka katikati ametazama kitu kingine.

Tena usione aibu kusema kwamba kazi fulani haikufaulu. Mahali palipojengwa kwa ajili ya majaribio ni lazima pawe na majaribio yaliyoshindikana, vinginevyo hakuna kinachojaribiwa. Mgeni anayesifu kila kitu hawasaidii wasanii.

Mtazamaji Mgeni

Shikamoo Mwalimu. Nawashukuru ninyi nyote kwa moyo mkunjufu, na majibu haya yamenifanya niitamani siku ya kwenda badala ya kuiogopa. Nina mawili yaliyobaki. Rafiki yangu anapendekeza twende jioni ya ufunguzi, lakini mimi naona kama siku ya kawaida ingefaa zaidi. Na je, karatasi ya maelezo nisome kabla au baada ya kutazama?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Karatasi soma baadaye. Tazama kwanza kwa macho yako, jiulize swali lako mwenyewe, kisha usome uone kama wewe na msanii mmekutana. Halafu rudi ndani tena kwa muda mfupi. Mzunguko huo wa pili watu wengi huuacha, nao ndio wenye faida kubwa kuliko wa kwanza.

Zamu ya Mchana

Kwa heshima zote, Mwalimu, ningeweka tofauti moja ndogo. Mlangoni huwa kuna tangazo fupi lililo mbali na karatasi ya maelezo, linalosema kama kuna mwanga wa kumetameta, giza kamili, sauti kubwa, moshi, au mambo yanayoweza kumgusa mtu vibaya. Hilo lisome kabla ya hatua ya kwanza, hasa kama wewe au rafiki yako mna kifafa, pumu au mnatumia kifaa cha kusaidia kusikia. Kama hakuna tangazo, uliza. Vilevile kama mtu anatumia kiti cha magurudumu au hawezi kupanda ngazi, wapigie simu mapema, kwa kuwa majengo haya mara nyingi ni ya zamani na hayakujengwa kwa ajili ya umma. Jumba linalojali litakuandalia njia, au litakuambia ukweli kwamba hakuna.

Kuhusu siku, nenda mara zote mbili ukiweza. Jioni ya ufunguzi ni ya kuwaona watu. Msanii huwapo, wanachama huwapo, na ukijitambulisha kuwa ni mgeni utapata mazungumzo ambayo huwezi kuyapata siku nyingine. Lakini kazi ya sauti haisikiki vizuri chumba kikiwa na watu hamsini. Miili na nguo hunywa sauti, mazungumzo huifunika, na ule mwangwi wa ukutani alioueleza Mwalimu hupotea kabisa. Kama ni lazima uchague moja, chagua mchana wa siku ya kawaida, ufike muda mfupi baada ya kufunguliwa, wakati vifaa vimekwisha kuwashwa na kukaguliwa na chumba bado hakina mtu.

Jicho la Pembeni

Ongeza na hili: andika jina lako katika daftari la wageni, na kama wana orodha ya barua za taarifa, jiandikishe. Idadi ya wageni ni miongoni mwa mambo ambayo majumba haya huulizwa yanapoomba ruzuku, na daftari hilo huwasaidia kuonyesha nani alifika. Kisha rudini hapa mtueleze ule waya ulikuwa unafanya nini.

Mtazamaji Mgeni

Nitafanya hivyo. Tumekubaliana kwenda mchana wa siku ya kawaida, na kama kazi itatugusa tutarudi siku ambayo msanii atazungumza na wageni, kwa kuwa nimeona kwenye tangazo kwamba siku hiyo ipo. Maswali nimeyaandika: mzunguko una urefu gani, nani alichagua maonyesho, na kwa nini waya umepita katikati.